KUTULIA SI KUPONA



Leo sitaandika juu ya mupira wala juu ya mtihani wa serikali. Nataka kusema juu ya kitu kidogo sana, kinachoingia katika kiganja cha mkono: kinini cha tumbo.

Katika interna yetu iko kawaida moja. Mutu akilalamika usiku, "Tumbo inanichoma hapa katikati," mwenzake anafungua valizi, anatoa jelule moja isiyo na karatasi wala jina. "Kamata hii, ni ya yaya yangu. Yeye pia alikuwa na ulsere." Hakuna anayeuliza ni dawa gani, mwisho wake ni mwaka gani, iliandikwa kwa ajili ya nani. Mgonjwa anaimeza, maumivu yanapunguka, wote wanalala. Asubuhi tunasema: amepona. Mimi nasema hapana. Ametulia tu. Kutulia si kupona, na kwa ugonjwa huu tofauti ya maneno haya mawili inaweza kumwua mutu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ulsere ni kidonda kweli kweli, kama kile cha mguu, lakini kiko ndani, katika ngozi ya tumbo au pale utumbo mdogo unapoanzia. Tumbo linatengeneza asidi kali ya kuyeyusha chakula. Lisijile lenyewe, linajipakaa ute wa kujilinda. Ulinzi ule ukiharibika, asidi inaanza kula ukuta wa nyumba yake yenyewe. Ndiyo yale maumivu ya kuchoma, ambayo kwa wengine yanakuja usiku au tumbo likiwa tupu. Lakini tukumbuke, si kila tumbo linalouma lina kidonda. Iko gastriti, iko minyoo, iko magonjwa mengine. Ndiyo sababu ya kwanza ya kutomeza dawa ya mwenzako: pengine hamna ugonjwa mmoja.

Ni nani anayeharibu ulinzi ule? Hapa kwetu utasikia majibu mawili: pilipili na mawazo. Jibu la mawazo ndilo lina nguvu zaidi. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika Beni na kandokando yake, nani kati yetu hana mawazo? Wengi wamezika watu wao, wengine wamekimbia mashamba yao ya kakao. Basi mama mmoja akiumwa tumbo tunamwambia, "Ni mawazo, mama, ni vita." Anaitika, anarudi nyumbani, anakaa na kidonda chake. Kwa maana kama ugonjwa ni vita, atangoja vita iishe ndipo apone?

Si kusema mawazo hayana kazi. Woga na huzuni vinaweza kuongeza maumivu, hata kuumiza tumbo lisilo na kidonda. Pilipili nayo inaweza kuchoma. Lakini sababu kubwa za kidonda chenyewe ni mbili zingine, na zote mbili tunaweza kuzishika. Ya kwanza ni mikrobe inayoitwa Helicobacter pylori. Ya pili ni dawa za maumivu tunazomeza ovyo. Nitarudi kwa hizo.

Zamani hata waganga wakubwa wa Ulaya na Amerika walisema ni mawazo na chakula. Waliofungua macho yao ni watu wawili wa mji wa Perth katika Australia, Robin Warren na Barry Marshall. Warren aliona kwa mikroskopi vijidudu vyenye kupindika katika vipande vya ngozi ya tumbo. Watu walisema haiwezekani, hakuna mikrobe inayoweza kuishi katika asidi kali vile. Marshall alijaribu kuviotesha katika labo mara nyingi, havikuota. Kila mara visahani vilitupwa nyuma ya siku mbili hivi. Lakini mwaka wa 1982, kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka, visahani viliachwa siku nyingi kuliko kawaida. Waliporudi, mikrobe imeota. Mwaka wa 1984 Marshall alikunywa mikrobe ile yeye mwenyewe, tumbo lake likavimba ndani, akatapika. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa Zawadi ya Nobel.

Nimeeleza habari hii si kwa kujionyesha. Iko na fundisho: mikrobe ile haina haraka. Aliyetupa kisahani mapema hakuona kitu. Na anayetupa dawa mapema hataona kupona.

Sasa tuje kwa dawa. Dawa za vidonda vya tumbo ni za makundi mbalimbali, na kila kundi lina njia yake. Kosa letu ni kuziita zote "dawa ya tumbo" na kuzinywa namna moja.

Kundi la kwanza ni zile za kuzima asidi iliyokwisha kutoka. Ni vile vinini vyeupe vikubwa au maji meupe kama maziwa. Kinini cha namna ile kinatafunwa vizuri mbele ya kumezwa. Kinasaidia upesi, lakini kwa muda mfupi. Hakifunge kidonda.

Kundi la pili ni zile za kuzuia tumbo lisitengeneze asidi nyingi. Inayojulikana sana kwetu ni omeprazole. Hapa mambo yanageuka: hii haitafunwe, haisagwe, inamezwa nzima na maji. Ukifungua jelule yake utaona chembe ndogo ndogo. Kila chembe imevikwa nguo ili asidi isiiharibu mbele ya kufika katika utumbo. Ukiitafuna umeivua nguo, asidi inaiharibu, na feza yako imepotea. Mtu asiyeweza kumeza amwulize muganga, atamwonyesha njia.

Tena omeprazole haina kazi ya kumezwa saa ya maumivu kama vile tunamezaka paracetamol. Nguvu yake yote inaonekana nyuma ya siku moja hata nne, ikinywewa kila siku. Kwa hiyo yule anayemeza jelule moja usiku wa Jumatatu na ingine usiku wa Ijumaa, saa maumivu yanamkamata, hajajitibu. Amenunua matumaini tu. Kidonda kinahitaji majuma mengi ya kufunga, mara nyingi manne hata manane, kama alivyoandika muganga.

Na saa yake ni gani? Karatasi ya dawa inasema nusu saa hata saa nzima mbele ya chakula, na kwa wengi ni mbele ya chakula cha asubuhi. Sababu iko hivi: katika ngozi ya tumbo kuna pompe ndogo ndogo za kutoa asidi. Pompe hizi zinaamka wakati chakula kinaingia. Dawa inafunga zile zilizoamka, si zile zinazolala. Basi dawa inapashwa kuwa ndani ya damu tayari wakati chakula kinafika.

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri, sababu karatasi ile iliandikwa kwa mutu anayekula asubuhi. Wangapi kati yetu tunakula asubuhi? Mwanafunzi wa kutoka mbali anatoka kwao saa kumi na moja na nusu, jua halijatoka. Anafika masomo na tumbo tupu, anarudi saa nane, anapata bugali na sombe saa kumi. Akimeza dawa saa kumi na moja ya asubuhi na chakula kikaja saa kumi ya jioni, dawa imekuja sokoni siku isiyo ya soko. Haitamdhuru kwa sababu hiyo, lakini kazi yake itapungua. Mwanafunzi wa namna hiyo asinyamaze mbele ya muganga. Aseme wazi, "Mimi nakula mara moja, saa kumi." Hiyo si haya. Muganga akijua, atampangia dawa kufuata chakula chake cha kwanza, au atamwambia atafute kitu kidogo cha asubuhi: uji, ndizi mbili, kipande cha muhogo.

Kundi la tatu ni antibiotiki, za kuua mikrobe yenyewe. Kama kipimo kimeonyesha mikrobe, muganga anaunganisha omeprazole na antibiotiki mbili, kwa mfano amoxicillin pamoja na clarithromycin au metronidazole. Zinanywewa mara nyingi asubuhi na jioni, na leo waganga wengi wanaandika siku 14. Wasomaji, siku 14 si siku 5. Kwa siku ya nne au ya tano maumivu yanakwishaka. Hapo ndipo mtego uko.

Namjua mwanafunzi mwenzetu mmoja, sitamtaja. Alipewa dawa za siku 14. Siku ya sita akasema, "Minajisikia muzuri, sababu gani nimalize?" Nusu ya dawa akampa ndugu yake, aliyekuwa analalamika tumbo. Lilikuwa tendo la upendo, simhukumu. Lakini matokeo yalikuwa nini? Yeye hakupona, sababu mikrobe zilizokuwa na nguvu zilibaki. Ndugu yake hakupona, sababu nusu ya dawa haitibu mutu mzima. Nyuma ya miezi kidogo maumivu yalirudi kwa wote wawili. Tena mikrobe iliyoonja dawa bila kufa inaweza kujifunza kuishinda, na mara ya pili dawa ile ile haiisikii tena. Watu wawili walitafuta kushiriki dawa moja, wakashiriki ugonjwa.

Waalimu wetu wa dini wametufundisha habari ya Naamani, jemadari wa Shamu, katika kitabu cha pili cha Wafalme sura ya 5. Nabii alimwambia ajitumbukize Yordani mara saba. Mara ya tano ukoma ulikuwa bado. Kama angetoka majini akisema "inatosha", angerudi kwao na ukoma wake. Shida ya ugonjwa wetu ni kubwa kuliko ya Naamani, sababu sisi tunajisikia wazima tangu mara ya tano. Ndiyo maana utii unahitajiwa zaidi.

Iko mambo mengine ya kushika wakati wa kunywa dawa hizi, nayo ni haya.

Mwenye kunywa metronidazole asionje pombe yoyote, wala kasiksi wala lotoko, tangu siku ya kwanza hata siku chache nyuma ya kumaliza. Anaweza kutapika na moyo kupiga mbio. Iko watakaosema Paulo alimwambia Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ndiyo, iko katika barua ya kwanza sura ya 5, mstari wa 23. Lakini Timoteo hakuwa na metronidazole, na Paulo hakuzungumza juu ya lotoko. Pombe inaumiza ngozi ya tumbo. Tusimtume mtume kazi isiyo yake.

Mtu ambaye penisilini iliwahi kumletea uvimbe au vipele, aseme mbele ya kupewa amoxicillin, maana ni wa jamaa moja. Ukianza dawa na uso ukavimba, pumzi ikakaza, au mwili mzima ukawasha, acha na kimbia kwa muganga saa ile ile. Lakini kuhara kidogo au utamu mbaya mdomoni, kama wa chuma, mara nyingi si sababu ya kuacha. Kamwulize muganga, usijiamulie.

Ukisahau mara moja, kunywa unapokumbuka. Kama saa ya mara ingine imekaribia, acha ile iliyopita. Usinywe mbili kwa pamoja ili kulipa deni. Dawa haina deni.

Sema dawa zote unazokunywa, hata za malaria, hata za miti za babu. Ziko dawa zinazogombana ndani ya mwili. Vinini vyeupe vya kutafuna pia vinaweza kuzuia dawa zingine zisiingie vizuri katika damu. Uliza muganga uziachanishe kwa saa ngapi.

Nunua dawa ikiwa katika plaketi yake, yenye jina na mwaka wa mwisho. Jelule zilizomwagwa katika ndoo ya sokoni, zilizopigwa na jua na mvua, hakuna anayeweza kujua ni nini tena.

Na kwa dada zetu na mama zetu: iko dawa moja ya tumbo inayoitwa misoprostol. Inakaza kizazi, na mwanamke mwenye mimba hapashwi kabisa kuitumia kwa ajili ya tumbo. Hii peke yake inatosha kuonyesha hatari ya kupokea kinini usichokijua mkononi mwa rafiki.

Sasa nirudi kwa ile sababu ya pili ya vidonda, sababu hapa sisi vijana tuna kosa kubwa. Diclofenac, ibuprofen, indometacin, aspirini: hizi zote ni dawa nzuri za maumivu, lakini zinapunguza ule ulinzi wa tumbo. Na sisi tunazimezaka kama karanga. Mgongo unauma kwa kubeba kakao: diclo. Kichwa kinauma kwa kusoma: diclo. Wasichana wanaumwa mwezini: ibuprofen tumbo tupu. Mupira umetuvunja magoti: diclo mbili. Kisha tumbo linachoma, na tunatafuta omeprazole ya yaya. Tunazima moto kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unaongeza kuni. Mutu mwenye kidonda cha tumbo hapashwi kunywa hizo bila shauri la muganga. Kwa kichwa na homa, paracetamol kwa kipimo chake haiumizi tumbo namna ile. Mbaya zaidi, dawa hizi zinaweza kuficha maumivu wakati kidonda kinaendelea kutoka damu.

Ninajua watu watanijibu. Wa kwanza atasema, "Wewe unaongea kama mutoto wa tajiri. Feza ya kipimo itatoka wapi?" Neno lake ni la haki. Wazazi wengi wamepoteza mashamba. Lakini tuhesabu pamoja. Anayenunua jelule mbili mbili kila juma kwa mwaka mzima, bila kupona, ametumia feza ngapi? Na nyuma ya mwaka bado ana kidonda. Umaskini ndio sababu ya kufanya mara moja na kumaliza. Tajiri ndiye anayeweza kuharibu dawa, si sisi.

Juu ya vipimo, niongeze jambo moja. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha alama ya mikrobe hata muda mrefu nyuma ya kupona, kwa maana mwili unakumbuka. Watu wengine wanapimwa damu kila mwaka, wanaambiwa "bado iko", wanarudia dawa bure. Ili kujua kama mikrobe imeisha, kipimo cha choo au cha pumzi ni bora. Hicho kinafanywa juma nne angalau nyuma ya antibiotiki, na omeprazole ikiwa imeachwa juma mbili kwa ruhusa ya muganga. Tena karibu nusu ya watu wa dunia wanayo mikrobe hii, na wengi wao hawapati kidonda hata siku moja. Basi tusiogopane wala kunyimana kikombe. Tunawe mikono kwa sabuni tukitoka chooni na mbele ya kula, tunywe maji safi, inatosha.

Wa pili atasema, "Uko mukristo, sababu gani unatumaini vinini? Omba." Mimi pia naomba. Lakini mfalme Hezekia alipougua na Mungu akamwahidi uzima, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikuwa ya Mungu, na tini zilikuwa juu ya jipu. Wazee wa Oicha, jirani zetu, wanakumbuka habari za Dokta Carl Becker, mumisionere wa Marekani aliyefanya kazi pale tangu miaka ya 1930 hata uasi wa 1964. Alikuwa mutu wa maombi, na alikuwa mutu wa kisu na wa dawa. Hakuona vita kati ya hivyo viwili. Na mwenye kidonda anayetaka kufunga ili kuomba, azungumze kwanza na muganga na mchungaji. Bwana anajua njia nyingi za kumsikiliza mutu ambaye amekula uji.

Na iko saa ambayo si ya kubishana wala ya kutafuta jelule. Mutu akitapika damu, au matapiko yanayofanana na mashapo ya kawa. Akienda choo cheusi chenye kunata, kama mafuta ya zamani ya pikipiki. Tumbo likimkata gafula na kuwa gumu kama ubao. Akizimia au kukonda bila sababu: apelekwe hospitali siku ile ile, hata usiku ikiwa njia inaruhusu. Kidonda kinatoka damu, au kimetoboka. Ninajua woga wetu. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 pale Mangina na kwisha tarehe 25 Juni 2020, mutu wa kutapika alifichwa nyumbani ili asipelekwe. Wengine walikufa kwa magonjwa ambayo yalikuwa na dawa. Tusirudie. Kumficha mgonjwa si kumlinda.

Basi ninamaliza kwa maombi matatu kwa wakubwa wa masomo yetu, kwa heshima yote.

La kwanza: mwanafunzi mwenye karatasi ya muganga aruhusiwe kula kitu kidogo wakati wake, hata kama ni ndizi mbili nyuma ya saa ya kwanza, bila kupewa azabu wala kuchekwa. Kanuni ya kutokula ndani ya darasa ni nzuri, lakini kanuni ya tumbo lenye kidonda ni kali zaidi.

La pili: ndani ya interna, mgonjwa mwenye dawa za siku nyingi abandike karatasi yenye namba 1 hata 14, na musimamizi aitie alama pamoja naye kila asubuhi na kila jioni. Si kwa kumchunga kama mwizi, lakini kwa sababu siku ya sita sisi sote tunasahau. Na ile biashara ya jelule za kuuziana chini ya mbalasani ikomeshwe.

La tatu: muganga wa kituo cha afya aalikwe mara moja kwa muhula, azungumze nasi juu ya diclo na dawa zingine, na tuweze kumwuliza maswali bila woga.

Nanyi wenzangu, ninaomba kitu kimoja tu. Usiku mwenzako akiumwa, usifungue valizi yako. Mwamushe musimamizi, mpe mgonjwa maji, kaa karibu naye, na asubuhi mpeleke kwa muganga. Huo ndio urafiki. Na yule mwenye dawa zake, siku atakapojisikia muzuri kabisa, ajue hiyo ndiyo siku ya kushika dawa kwa nguvu zaidi. Amalize mara ya saba, kama Naamani.

Mungu awalinde.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5, Kemia na Biolojia